Kabla hujafunga tabo kwenye pikapu ya mzee

Jumamosi usiku pale kwa mama lishe nje ya geti tulikesha tunabishana. Mada: una pikapu ya dizeli ya zamani, haina nguvu, ufanye nini? Jamaa mmoja wa darasani akasema funga tabo, mjadala umefungwa. Mwingine akasema toa injini nzima, weka ya kisasa. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenikera, akasema kuna skrubu nyuma ya pampu, ukiizungusha nusu raundi tu gari linakuwa simba. Mimi kimya. Wakaniuliza, "Vipi, si kwenu kuna pikapu?" Nikasema nitajibu kwa maandishi. Haya wadau, jibu ndilo hili. Ni refu kidogo, kwa hiyo tafuteni chai.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyekuwa na muda aende zake. Dizeli ya zamani inaweza kuongezwa nguvu, na tabo ni njia nzuri kabisa. Ila wengi wetu tunakimbilia kununua nguvu mpya wakati ile tuliyouziwa pamoja na gari imepotea njiani na hakuna aliyekwenda kuitafuta. Na hiyo skrubu mnayoisifia ndiyo iliyomkalisha mdogo wangu nyumbani semista nzima. Kwa hiyo mkiona nina hasira msishangae.

Tuanze na gari lenyewe. Ni Toyota Hilux ya mwaka 1996, injini ya 3L, cc 2779, silinda nne, haina tabo. Ikiwa mpya ilikuwa na nguvu-farasi kama 90. Leo hii watoto wa mjini mtacheka, maana Hilux zilizoanza kutoka mwaka 2015 zenye injini ndogo zaidi, ile 2GD ya cc 2393, zinafika farasi 150. Lakini hizo 90 za mzee zimenisomesha mimi tangu chekechea. Gari linakaa Nyandira, huko Mgeta juu, milima ya Uluguru. Linapanda na mbolea, saruji, soda na watu, linashuka na kabichi, karoti na viazi kuja sokoni Morogoro. Asiyeijua barabara ile niseme tu kwamba ukishaiacha Mlali unaanza kupanda, na unapanda haswa.

Desemba 2023 nilikuwa nyumbani likizo. Gari lilikuwa limechoka. Milima ambayo zamani lilikuwa linaipanda kwa gia ya pili likawa linataka ya kwanza, na wakati mwingine abiria wanashuka wanatembea. Baba hakuwa na raha. Fundi mmoja aliyekuwa amekuja kutengeneza gari jingine akafungua boneti, akasikiliza, akasema, "Mzee, hili linabaniwa mafuta tu, nikufungulie pampu." Akakata ile waya ya kiwandani, akalegeza nati, akazungusha skrubu. Raundi moja nzima! Dakika kumi kazi imekwisha, akalipwa elfu thelathini.

Nataka niwe mkweli hapa. Gari liliamka. Fundi hakudanganya. Wiki ya kwanza baba alikuwa anaimba njiani. Moshi mweusi ulikuwa unatoka kama treni la zamani, lakini nani anaangalia nyuma wakati gari linavuta? Mimi mwenyewe, mwanafunzi wa uhandisi wa kilimo, niliyeshafanya mtihani wa injini nikafaulu, nilikaa kiti cha mbele nikafurahia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Madesa nilikuwa nayo kwenye begi.

Januari 2024, mifuko 25 ya mbolea nyuma. Kilo 50 mara 25 ni kilo 1,250, na hapo sijahesabu watu sita waliokaa juu yake. Pikapu ya tani moja hiyo. Nusu ya mlima mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka, tukazima. Tulipoliwasha tena jioni likawa linatoa mapovu kwenye rejeta. Hedi limepata ufa kati ya valvu. Hedi jingine, gasketi, kazi ya fundi, mwezi mzima bila gari katika msimu wa mboga. Hela iliyotumika ilikuwa ya ada ya mdogo wangu chuo cha uuguzi. Akaahirisha semista. Hakusema kitu, alirudi tu akawa anaenda na mama shambani asubuhi. Sasa njoo uniambie habari za simba.

Kwa nini ilitokea? Hapa nitatoa somo kidogo, vumilieni.

Injini ya dizeli haifanani na ya petroli. Ya petroli ina kiziba hewa, ukikanyaga unafungulia hewa na petroli kwa pamoja. Hii yetu ya dizeli hewa inaingia muda wote kadiri silinda inavyoweza kuvuta, na mguu wako unaamua mafuta tu. Ili kilo moja ya dizeli iungue vizuri inahitaji kilo kama 14 na nusu za hewa, na kwa kuwa ndani ya silinda muda ni mfupi mno na mchanganyiko haulingani, kiwandani wanaacha hewa zaidi ya hapo. Ile nafasi iliyoachwa ndiyo skrubu inayoila. Ukiongeza mafuta kidogo unapata nguvu ya kweli. Ukizidisha, hewa imekwisha, mafuta yanayobaki yanageuka moshi na joto. Mama yangu anajua fizikia hii bila kwenda chuo: jiko la mkaa lililozibwa dirisha la chini hata ulijazie mkaa debe zima halikuiviishii maharage. Litakujazia moshi tu.

Na joto hilo haliendi mbali. Linakaa kwenye kichwa cha pistoni, kwenye valvu, kwenye hedi. Mshale wa pale kwenye dashibodi unapima maji, haupimi moshi unaotoka silindani. Kwa hiyo unaweza kuwa unapika pistoni huku mshale umetulia katikati. Ndiyo maana wanaojua kazi hii wanafunga kipimo cha joto kwenye ekzosi, na wengi wao hawakubali lizidi nyuzi 700 kwa muda mrefu. Baba hakuwa nacho. Fundi naye hakukitaja.

Halafu kuna mlima. Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Nyandira ni zaidi ya mita 1,500. Kule juu hewa ni nyepesi. Ukilinganisha na Dar, kila pumzi ya injini inabeba hewa pungufu kwa kama asilimia 14 au 15. Yaani skrubu imeongeza mafuta, mlima umepunguza hewa, mzigo umezidi, na hapo ndipo mguu unapokanyaga mpaka chini. Tungetaka kupanga namna ya kupasua hedi tusingepanga vizuri zaidi ya hivyo.

Basi bwana, Juni 2024 nikarudi likizo. Gari linatembea, hedi jipya, skrubu imerudishwa kwa kubahatisha, halina nguvu kama mwanzo. Nikakuta kikao. Mjomba amekuja kutoka Dar na wazo: amepata tabo ya mtumba Gerezani, jumla na kufunga milioni mbili na laki nne. Baba alikuwa ameuza mbuzi wa maziwa na nguruwe, hela ilikuwepo. Na ile hela, kila mtu pale sebuleni alijua bila kuambiwa, ndiyo pia ada ya mdogo wangu ya Septemba.

Nikasema, "Shikamoo mjomba, naomba niseme neno." Mjomba akasema, "Sema mjomba, ndiyo maana tumekusomesha." Nikasema naomba wiki tatu na laki tisa. Zikipita na gari halijabadilika, nafunga mdomo, fungeni tabo. Baba akaniangalia muda mrefu. "Injinia," akasema, na akisema hivyo ujue anakucheka, "wiki tatu kabichi hazikungoji." Tukakubaliana wiki mbili na siku za soko gari lifanye kazi.

Nilianza na daftari na saa ya simu. Kuna daraja chini na kuna duka juu, kati yake mlima mtupu. Nikapanda na baba tukiwa na mifuko 18 ya mbolea. Dakika 41. Nikaandika. Ushauri wangu wa kwanza kwa kila mwenye gari ni huu: kabla hujagusa chochote, pima. Bila hivyo utamwamini fundi kwa sababu amekufurahisha, kama tulivyofanya sisi.

Cha kwanza kuangalia hakikuwa injini. Kilikuwa tairi. Mwaka 2021 baba aliweka tairi kubwa, zile 7.50-16 za Land Cruiser, kwa sababu zinabeba vizuri na hazichaniki ovyo na mawe. Za asili zilikuwa 205-16. Nikachukua futi ya mshona nguo ya mama nikapima: ya asili, iliyokuwa inafugiwa kuku nyuma ya nyumba, kimo chake sentimita 74 hivi. Mpya karibu 81. Tofauti asilimia 9. Maana yake ni nini? Maana yake kila gia ya gari ile imekuwa ndefu kwa asilimia 9, na nguvu inayofika ardhini imepungua kwa kiasi hichohicho, bila injini kufanya kosa lolote. Spidi nayo inadanganya, inasoma 60 wakati unakwenda 65. Miaka mitatu tunalaumu injini, kumbe tumelivalisha gari viatu vya baba yake!

Mbaya zaidi, tairi kubwa inaiba na breki. Mkono wa breki ni uleule, gurudumu limekuwa refu, kwa hiyo kushika kunapungua. Hili nitalirudia chini maana ndilo lililonitisha.

Cha pili, hewa. Eya klina ilikuwa imepulizwa na upepo wa kompresa mara nyingi mpaka karatasi imeota matobo, na mpira wa kuingizia hewa ulikuwa umefungwa na raba ya baiskeli mahali ulipopasuka. Vumbi lote la Mlali linaingia injini moja kwa moja. Vumbi ni msasa, linakula ringi na silinda, na injini ya dizeli bila mgandamizo haina maisha, kwa sababu mafuta yake yanawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa tu. Tukapima mgandamizo. Bahati yetu silinda zote nne zilikuwa karibu sawa. Zingekuwa zimetofautiana sana, andiko hili lingeishia hapa: hakuna cha kuongeza nguvu, ni ovahoo kwanza.

Cha tatu, mafuta. Nozo nne zilipelekwa kwa mtu mwenye mashine ya kupimia. Mbili zilikuwa zinakojoa badala ya kupuliza ukungu. Nozo inayokojoa inapoteza mafuta, inatoa moshi na inaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Pampu nayo ikapandishwa kwenye mashine yake, ikapimwa kiasi inachotoa, na ile skrubu ikarudi mahali pake kwa namba, siyo kwa sikio. Ilipofungwa tena ikategeshwa kwa saa ya kupimia, maana pampu ikichelewa hata kidogo gari linakuwa zito na linachemka, na ikiwahi linagonga. Tepeti zikarekebishwa. Kazi hii ndiyo iliyokula hela nyingi, na ndiyo ambayo fundi wa barabarani hawezi kuifanya, hata awe na sikio la malaika.

Cha nne, ubaridi. Hapa jamani tulikuwa na dhambi. Rejeta miaka yote inawekwa maji ya mtoni. Ilipofunguliwa karibu nusu ya vijia vyake vilikuwa vimeziba. Themostati ilishatolewa na fundi wa zamani, kwa imani ile ya kwetu kwamba ikitoka gari halichemki. Imani potofu. Kwenye injini ambazo themostati ndiyo inayofunga njia ya pembeni, ukiitoa sehemu ya maji yanazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta. Na mfuniko wa rejeta ulikuwa umekufa springi. Nani anajali mfuniko? Sikilizeni: kwenye mita 1,600 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Mfuniko mzima wa presha ya 0.9 unayazuia yasichemke mpaka karibu nyuzi 115. Nyuzi ishirini za usalama, zinauzwa kwa bei ya chipsi kuku! Nikikumbuka ile siku ya Januari, nadhani mfuniko huo ulichangia kama ilivyochangia skrubu.

Cha tano, kuzuiwa. Tulinyanyua gari tukazungusha magurudumu kwa mkono. La nyuma kushoto halikuzunguka. Breki ilikuwa imeng'ang'ania. Yaani injini ya farasi 90, ambazo bila shaka zilishabaki 70 na kitu, ilikuwa inapanda mlima huku breki moja imefungwa. Hapo baba mwenyewe alicheka, kile kicheko cha mtu aliyetaka kulia.

Cha sita kilikuwa bure na ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote: namna ya kuendesha. Injini ya 3L inavuta vizuri zaidi kwenye mizunguko kama 2,400 kwa dakika. Baba kwa miaka yote anaamini kwamba injini isipopiga kelele inakula mafuta kidogo, kwa hiyo anapanda na gia kubwa mizunguko 1,500, mguu umelala chini, gari linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Pale ndipo injini inapoumia: mafuta mengi, hewa haba, maji yanazunguka polepole, feni inazunguka polepole. Sasa jaribu kumwambia mzee aliyeendesha miaka thelathini kwamba anabadilisha gia vibaya. Sikumwambia. Nilimwomba aniache niendeshe siku moja, nikashusha gia mapema, yeye akashika saa. Tulipofika dukani akaangalia saa, akasema, "Hmm." Kwa baba yangu hiyo ni hotuba.

Matokeo? Tairi za asili zimerudi (tulinunua nzima za mtumba), vingine vyote nilivyotaja vimefanyika, mifuko ileile 18, daraja lilelile hadi duka lilelile. Dakika 32. Kutoka 41. Mshale wa joto haukuvuka katikati. Moshi unauona tu ukikanyaga ghafla. Jumla laki nane na themanini. Mdogo wangu alirudi chuo Septemba 2024.

Sasa nawasikia watu wa tabo mnasema, "Lakini bado ni farasi 90." Ni kweli. Na nitawatetea kidogo, kwa sababu sitaki ionekane nina ugomvi na teknolojia. Tabo ndiyo dawa halali ya mlima. Mswisi Alfred Büchi aliomba hataza ya wazo hilo tangu mwaka 1905: moshi unaotoka una nguvu inayopotea bure, uifanye izungushe feni ya kusukuma hewa ndani. Hewa ikizidi, mafuta yanaweza kuzidi bila moshi. Hiyo ndiyo tofauti ya tabo na skrubu. Skrubu inaongeza mkaa. Tabo inafungua dirisha la jiko. Na kule juu ambako hewa ni nyepesi, tabo inarudisha kile mlima ulichoiba.

Ila injini ya 3L haikuzaliwa na tabo. Inagandamiza hewa mara 22. Zile 2GD mpya zinagandamiza kama mara 15.6 tu, makusudi, ili kubaki na nafasi ya upepo wa tabo, na injini nyingi za tabo kutoka kiwandani zina vijibomba vya kurushia oili chini ya pistoni zipoe. Kwa hiyo anayefunga tabo kwenye injini kama yetu afunge ya upepo mdogo, psi 7 hivi, asiende kushindana na mtu. Aanze na injini ambayo mgandamizo wake umepimwa na rejeta yake ni nzima. Apanue bomba la ekzosi, maana moshi ukikwama nyuma joto linabaki mbele. Afunge kipimo cha joto la ekzosi kabla ya kugusa mafuta. Abadilishe oili mapema kuliko alivyozoea, kwa sababu tabo inaishi kwa oili, na akimaliza mlima asizime gari papo hapo, aliache lingurume dakika moja au mbili. Na skrubu ya pampu, ile ile, iguswe mwisho kabisa, robo kwa robo, jicho likiwa kwenye kipimo. Ukifuata mpangilio huo nakupigia makofi. Ukimpa fundi milioni mbili na laki nne afunge tabo juu ya rejeta iliyoziba na nozo zinazokojoa, umenunua njia ya gharama zaidi ya kupasua hedi.

Na wale wa kubadilisha injini nzima, tuseme uweke 1KZ-TE, nguvu zitapatikana, zaidi ya farasi 120. Lakini hesabu na giaboksi, waya, kompyuta yake, mabano ya kushikia injini, na kadi ya gari ina namba ya injini kwa hiyo kuna kwenda kurekebisha karatasi. Kisha ukiharibikiwa Nyandira saa mbili usiku, nani ana mashine ya kusoma kompyuta hiyo? 3L ya baba inatengenezeka kwa spana na tochi. Kwa gari la kazi la kijijini hiyo nayo ni nguvu, tena ya uhakika.

Sasa lile la breki nililoahidi. Wakati nafanya hesabu zote hizi za kupanda, mama aliuliza swali moja tu akiwa anamenya viazi: "Kwani mzigo mzito si unashuka?" Nikabaki mdomo wazi. Kweli! Mbolea inapanda msimu tu, lakini kabichi zinashuka kila wiki, zimejaa mpaka juu ya kichwa cha gari na watu wamekaa juu ya kabichi. Ukiliongezea gari nguvu utaliongezea na mzigo, hakuna mtu wa kwetu anayeongeza nguvu akabaki na mifuko ileile. Na mzigo uliopanda kwa tabo hautashuka kwa tabo. Utashuka kwa breki.

Nikaenda kuangalia mafuta ya breki. Meusi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205, lakini yananyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye nyuzi kama 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinafika huko. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inakwenda mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari. Yetu hayajabadilishwa tangu mimi niko kidato cha pili. Nimepanda juu ya kabichi zile mara ngapi? Mdogo wangu je? Kwa hiyo kwenye orodha yangu ya laki nane na themanini, mapedi, brekishuu na mafuta mapya ya breki vimo, na kama ningeianza upya ningeviweka namba moja. Hela yoyote ya nguvu ambayo haijapita kwanza kwenye breki naiita hela ya jeneza. Samahani kwa lugha, lakini ndivyo ninavyoona.

Najua wengine mtasema mzee hana shida ya ushauri, ana shida ya hela, na fundi wa elfu thelathini ndiye anayemuweza. Hoja hiyo naiheshimu. Fundi yule alifanya alichoombwa kwa hela iliyokuwepo. Lakini tukijumlisha, elfu thelathini zile zilitugharimu hedi, mwezi wa mauzo na semista ya mtu. Na vitu vitatu vya kwanza nilivyogundua, tairi, mfuniko na breki iliyong'ang'ania, havikuhitaji fundi wala mashine. Vilihitaji futi ya mshona nguo, macho na mtu wa kunyanyua jeki. Hapo ndipo ninapotulaumu sisi, watoto wa vyuo. Tunarudi likizo tunalala mpaka saa nne, tunakula ugali wa gari ambalo hatujawahi kulifungua boneti. Tunajua kuandika milinganyo ya mgandamizo ubaoni na hatujui eya klina ya nyumbani ina matobo mangapi.

Mjomba bado ana tabo yake ya Gerezani. Juzi kanipigia, "Mjomba, ile kitu bado ipo, mwenyewe anapunguza bei." Nikamwambia anunue kipimo cha joto la ekzosi kwanza, tabo tutaongea Desemba. Akasema nimekuwa mgumu kama baba yangu. Nimelichukua kama pongezi.

Baba mwenyewe hajawahi kusema kwamba nilikuwa sahihi. Ila wiki iliyopita mama kaniambia kwamba zile tairi kubwa amezitoa stoo, ameziuza, na hela akanunua dumu la kulea, ile ya rangi nyekundu, siyo maji ya mtoni. Ameliandika kwa peni: USIWEKE MAJI.

Haya, mwenye pikapu kwao ampigie mzee leo amuulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mimi nawahi pindi la saa nane, na bumu bado halijatoka, kwa hiyo kwa mama lishe leo mtanikuta nimekaa karibu na wenye nazo.